Tutukanane au Tujibizane?



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni adabu tunapojadili siasa za kwetu katika makundi ya mtandao. Tulianza na makundi ya barua pepe, na sasa tumehamia kwenye haya ya WhatsApp ambayo tunakesha nayo kutwa kucha. Najua mtu akilisikia neno "adabu" anahisi anakuja kuhubiriwa. Mie si shekhe wala si mlezi wa mtu. Nakuja kama mkosaji, na kosa langu nitalitaja hapa hapa, kwa sababu naamini wengi mtajiona ndani yake.

Niliingia Uingereza 2001. Wanaoijua Zanzibar wanajua mwaka ule ulianza vipi. Tarehe 26 na 27 Januari watu walipigwa risasi Unguja na Pemba walipokuwa wakiandamana kuyapinga matokeo ya uchaguzi wa 2000. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31, na wengine walitaja zaidi. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa madau na ngarawa. Sisi tuliotoka miaka ile tulitoka na donge kifuani, na donge lile hatujalitema mpaka leo. Nalisema hili mwanzo ili mjue kwamba siwadharau wenye hasira. Hasira ile naijua, ninalala nayo.

Sasa njooni Oktoba 2015. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi mzima. Kundi letu la WhatsApp siku ile liliwaka moto. Wengi wetu tulikuwa nje, na wachache walikuwa nyumbani. Kila mmoja alikuwa na lake, lakini sauti ya juu ilikuwa yetu sisi wa nje, na tulikuwa tunasema kitu kimoja: watu watoke barabarani, wasirudi majumbani mpaka haki ipatikane.

Katika kundi lile alikuwemo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, jirani yetu tangu utoto wangu. Alinisomesha hesabu darasa la tano na la sita. Hakuwa msemaji sana. Usiku ule akaandika ujumbe mmoja mrefu kwa utaratibu wake wa kiualimu, na nukta zake na mikato yake. Alisema, kwa ufupi: wanangu mlioko nje, mnatuambia tutoke. 2001 tulitoka, na waliokufa tuliwazika sisi. Kabla hatujatoka tena nataka mniambie, siku ya pili yake nani atawalea watakaobaki mayatima, na nyinyi mtakuwa wapi?

Nami nikamjibu. Nilikuwa nimetoka kazini zamu ya usiku, nimekaa ndani ya basi, simu mkononi. Nikamwambia kwamba yeye ni kibaraka, kwamba amelipwa, na nikamuuliza bei yake ni ngapi. Nikaongeza neno jengine juu ya ukoo wake ambalo sitalirudia hapa. Watu wakanipigia makofi. Alama za dole gumba na za moto zikamiminika, na nikashuka kwenye basi lile nikijiona shujaa.

Mwalimu akajibu mara moja tu: "Ahsante mwanangu. Baba yako hajambo, jana nilipita kumtazama." Halafu akatoka kwenye kundi.

Ndugu zangu, hebu tujiulize. Nini hasa nilikifanya pale? Wengi watasema nilimvunjia heshima mtu mzima. Ni kweli, na hilo peke yake latosha kunitia aibu. Lakini liko jengine ambalo sikuliona mpaka baadaye. Mwalimu aliuliza suala. Suala lilikuwa zito na lilikuwa letu, sisi khasa tulioko nje. Mimi sikulijibu. Nilimtukana, naye akaondoka, na suala likaondoka naye. Mle kundini hakuna hata mmoja aliyeuliza tena: je, tutakuwa wapi siku ya pili?

Ndiyo maana naja mbele yenu na dai moja tu. TUSI NI NJIA YA KUIKIMBIA HOJA. Sisi tunamwona mtukanaji kuwa ndiye jasiri na mwenye adabu kuwa ndiye muoga. Nadhani aghlabu ni kinyume chake. Kumwita mtu kibaraka hakuhitaji elimu wala ushahidi, hata kufikiri hakuhitaji. Kumjibu alichokisema kunataka ukae chini, ukisome, na pengine ukiri kwamba kuna mahali amekushinda. Hilo la mwisho ndilo tunaloliogopa.

Wako watakaosema kwamba ukali wa maneno ni jadi yetu, na kwamba Waswahili hawakuanza leo kupigana vijembe. Nakubali. Mipasho ya taarabu ipo, na kanga zimebeba maneno makali kabla hatujazaliwa. Lakini tuitazame jadi hiyo vizuri. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, wakati miji yao ina uhasama na ikipigana vita vya kweli. Desturi ya malumbano ya mashairi ni kwamba anayejibu huifuata bahari ya mwenzake, mara nyingi na vina vyake, na huishika hoja pale pale mwenzake alipoiachia. Huwezi kumjibu mtu kwa desturi hiyo kama hukumsikiliza kwanza. Kijembe kilikuwamo, tena kikali, lakini kilipanda juu ya jibu. Sisi tumekibakisha kijembe, jibu tumelitupa.

Pia tuitazame historia yetu ya karibu zaidi, kwa sababu iko hatari ya kudhani kwamba maneno ni maneno tu. Wazee wetu wanakiita kipindi cha kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi Januari 1964 "zama za siasa". Waulizeni, wale wachache waliobaki. Watu walianza kwa kupeana majina. Halafu wakagomeana maduka, wakagomeana mabasi, mwisho wakagomeana hata maziko, jirani akifa mwenye chama chengine hawendi. Juni 1961, siku ya uchaguzi na siku zilizofuata, watu 68 waliuawa katika ghasia. Sisemi kwamba tusi ndilo lililoua. Palikuwa na mambo makubwa ya ardhi, ya tabaka, ya nasaba na ya mkoloni. Ninachosema ni kwamba watu walipofika kwenye panga walikuwa wameshakwisha kuacha kuonana kuwa watu, na kazi hiyo ilifanywa na maneno. Vyama vingi viliporudi 1992, mambo ya kugomeana maduka na maziko yakarudi pia, na Pemba wanayakumbuka vizuri ya baada ya 1995.

Wenzetu wa Kenya nao wana somo, na lao linatuhusu zaidi kwa sababu limetokea kwenye mtandao wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakakimbia makwao. Wakati huo Wakenya walikuwa na ukumbi mkubwa wa mazungumzo uliokuwa ukiitwa Mashada, ukiendeshwa na Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, David Kobia. Mwishoni mwa Januari 2008 aliufunga. Matusi ya kikabila yalizidi hata haikuwezekana tena kuendesha mazungumzo ya kistaarabu. Baadaye akafungua mahali pengine watu waweze kuandika kwamba wao hawana kabila ila ni Wakenya. Tulifikirie hilo. Wengi wa waliokuwa wakiandika matusi walikuwa wamekaa kwenye nchi za amani, wana umeme, wana maji, na watoto wao wamelala salama. Nyumba zilizokuwa zikiungua zilikuwa za ndugu zao.

Na hapa ndipo penye kidonda chetu watu wa ughaibuni. Katika baraza ya mtaani, pale Jaws Corner au baraza yoyote ya Mji Mkongwe, watu hubishana siasa mpaka kahawa inapoa. Wanakasirikana, wengine husimama wakaondoka. Lakini kesho yake ni wao kwa wao. Anayekuudhi leo ndiye utakayekutana naye msikitini alfajiri, ndiye mwenye duka la mchele, ndiye atakayekuja kubeba jeneza nyumbani kwako. Kwa hiyo ulimi una breki. Sisi huku breki hiyo hatuna. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, aliandika 2004 kuzieleza sababu zinazomfanya mtu mpole awe mkali kwenye mtandao, na miongoni mwake ni kwamba hajulikani, haonekani, na jibu haliji papo kwa papo. Mie naongeza moja yetu wenyewe: hatuzikani. Tunatukanana na watu ambao tunadhani hatutawahitaji.

Tunadhani.

Baba yangu alifariki 2017. Simu iliniingia saa tano asubuhi ya huku, na kule alizikwa alasiri ya siku hiyo hiyo, kama ilivyo sheria yetu. Nilifika siku ya tatu, siku ya khitma. Usiku ule mdogo wangu akanielezea maziko yalivyokuwa, nani alikuja, nani alisalisha. Nikamuuliza, kaburini alishuka nani? Akanambia, "Mimi, na ami, na nafasi yako aliishika mwalimu." Mzee wa zaidi ya miaka sabini alikunja kanzu yake akashuka kaburini kumpokea baba yangu, kwa sababu mtoto mkubwa wa maiti yuko Ulaya.

Kesho yake nikaenda kwake. Nilimkuta barazani anasoma gazeti. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipa mkono wa tanzia, akaagiza kahawa. Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu usiku, lakini yote yaliniponyoka. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Tusi nimeshakusamehe zamani, mwanangu. Lakini hoja yangu mpaka leo hujaijibu."

Wallahi nilitamani anitukane. Ningeona nafuu.

Sasa naomba msinifahamu vibaya. Sisemi kwamba mwalimu alikuwa na haki ya moja kwa moja. Mpaka leo simkubalii yote. Ningekuwa na akili usiku ule ningemwandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Suala lako ni zito na sina jibu zuri. Ni kweli sisi tuko mbali na gharama mtalipa nyinyi. Lakini nami naomba nikuulize. Subira tuliifanya 1995, tukaifanya 2000, tukaifanya 2005. Subira hiyo nayo ina mayatima wake, wasioonekana kwa sababu hawakufa siku moja. Tufanye nini ambacho si damu na si kunyamaza?" Someni tena maneno hayo. Yana ukali, na mwalimu yangemkaba. Lakini yangembakisha kundini, na pengine yeye na sisi tungepata jambo la tatu la kulifikiria. Machi 2016 uchaguzi uliporudiwa, wengi nyumbani waliamua kususia na kubaki majumbani kwa utulivu. Njia hiyo ya tatu waliipata wao. Sisi tulikuwa bado tunatafuta nani kibaraka.

Iko hoja moja nzito dhidi ya haya ninayoyasema, na ningekuwa naikimbia kama nisingeitaja. Kuna watu watasema: nyinyi mnaohubiri adabu mnawasaidia wakubwa. Neno "adabu" limetumika kwetu miaka mingi kumfunga mtu mdomo. Ukimuuliza kiongozi fedha zimekwenda wapi, unaambiwa huna adabu. Kijana akimkosoa mzee anaambiwa hakulelewa. Na sheria nazo zimeletwa kwa jina hilo hilo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania iliyopitishwa 2015 ilimwekea anayechapisha habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, na sote tunajua kwamba nani mwongo huamuliwa na mwenye nguvu.

Hoja hii ni ya kweli na naikubali. Jibu langu ni kwamba adabu ninayoitaka siyo ile. Adabu ya mwenye nguvu inakwambia nyamaza. Adabu ya baraza inakwambia sema, tena sema lote, lakini mwambie mtu jambo alilolifanya, usimwambie jambo asilolifanya, na muache mama yake. Ukisema "Waziri, mkataba huu uliusaini tarehe fulani, na fedha hizi hazionekani kwenye hesabu", umemtia hofu kuliko matusi elfu, kwa sababu hilo linataka jibu. Ukimwita mwizi, mbwa na mtoto wa haramu umempa zawadi. Atakwenda kwenye jukwaa aseme, "Mnawaona watu hawa wa nje? Kazi yao kutukana." Na wasikilizaji watatikisa kichwa, na mkataba utasahaulika.

Tena kuna hili. Adabu peke yake haileti haki, na hapo nisidanganye mtu. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar, watu wawili ambao wafuasi wao kwa miaka walikuwa hawaitani kwa majina mazuri. Kutokana na kukaa kule ilikuja kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao hatukuwa tumeuona tangu 1995. Lakini miaka mitano baadaye uchaguzi ukafutwa, na yote yakarudi nyuma. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba maneno mazuri bila ya haki ni kiini macho, simbishii. Namwomba tu akumbuke kwamba hata haki ikija, itabidi tukae pamoja kuigawa, na watu waliokwisha kuvuana nguo hadharani hawakai pamoja kwa urahisi.

Nije kwenye ya karibuni. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania, intaneti ilikatwa nchini. Watu walipoteza maisha Bara, na sisi huku kwa siku kadhaa hatukuweza kupata habari za jamaa zetu kama kawaida. Mnaikumbuka hofu ile. Katika kundi letu ikaingia sauti ya mtu asiyejulikana akidai kwamba mtaa fulani wa Unguja umechomwa moto na kwamba aliyewaonyesha askari nyumba za watu ni jirani fulani, akamtaja kwa jina. Ndani ya saa moja sauti ile ilikuwa imesambazwa na wengi wetu, na jirani yule alikuwa ameshalaaniwa na watu ambao hawajawahi kumwona. Simu zilipofunguka, mtaa ulikuwa haujachomwa. Watu walikuwa wamekaa na chai yao, na yule jirani alikuwa kitandani mgonjwa kwa wiki mbili. Tulifanya makosa mawili. La kwanza ni la yule bwana, ambaye sasa ana watoto wanaoulizwa maswali mtaani. La pili ni kwamba uongo wetu uliwapa kisingizio wale wanaotaka kuyakanusha mauaji yaliyotokea kweli. Wanasema, "Si mnaona, hata lile la mtaa ule walizua."

Basi tufanye nini? Sina mamlaka ya kumtungia mtu sheria, lakini tangu siku ile barazani kwa mwalimu nimejiwekea mambo machache, na nayaleta kwenu kama pendekezo.

La kwanza, nijibu kilichosemwa. Kabla sijaandika, nayarudia maneno ya mwenzangu kwa lugha ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Nikishindwa kuyarudia, maana yake sikuyaelewa, na anayejibu asichokielewa anapiga kelele tu.

La pili, jibu la hasira lilale. Wala hili si jipya. Oktoba 1995, wengi wetu hatujaujua mtandao, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliandika mwongozo wa adabu za intaneti unaojulikana kwa namba RFC 1855. Humo imeelezwa kwamba kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga makelele (na mie hapo juu nimepiga, naomba radhi), na kwamba jibu la hasira lingojee mpaka kesho. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na dawa bado ni ile ile. Nimeandika majibu mengi saa sita za usiku. Asubuhi nimeyafuta karibu yote.

La tatu, mtu wa nyumbani asifichuliwe. Huku tunapenda kumwambia mtu, "Kama mwanamme kweli, taja jina lako." Ndugu yangu, wewe unalindwa na bahari na paspoti. Yeye ana kazi ya serikali, ana watoto shule, ana mlango ambao unaweza kugongwa usiku. Jina lake la kificho ndiyo silaha yake pekee, usimnyang'anye ili ushinde ubishi wa dakika kumi. Na kwa upande wa pili, anayejificha nyuma ya jina la bandia ili atukane, huyo kificho chake ni cha wizi. Jina la siri ni la kumwezesha mtu aseme ukweli wenye hatari.

La nne, nisisambaze nisichoweza kukisimamia. WhatsApp wenyewe waliona hatari hii, Januari 2019 wakaweka kikomo cha kupeleka ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 wakakaza zaidi kwa zile jumbe zilizokwisha kupita mikono mingi. Lakini hakuna programu itakayonizuia nisimzulie jirani yangu. Hilo ni langu mie na Mola wangu.

La tano, wanawake. Hili nalisema kwa uchungu. Mwanamme akikosea hoja, tunamwambia hajui. Mwanamke akikosea hoja, au hata akipatia, tunamwambia habari za mwili wake na ndoa yake. Hesabuni wenyewe katika makundi yenu, wanawake wangapi walikuwa wakiandika miaka mitano iliyopita na wangapi wanaandika leo. Hawakwisha maneno. Tumewatoa sisi, na nusu ya akili za nchi tumeitoa nayo.

La sita, wasimamizi wa makundi waanze na watu wao. Msimamizi anayemfukuza mpinzani aliyesema "upuuzi" na kumwacha mwenzake aliyetukana mama za watu si msimamizi, ni mshabiki mwenye funguo. Kundi huaminika siku mwenyewe anapomwambia rafiki yake wa chama kimoja, "Bwana, hapo umevuka, ondoa maneno hayo."

La saba na la mwisho, radhi iombwe pale pale kosa lilipofanyika. Mimi nilimwomba mwalimu radhi barazani kwake, watu wawili. Lakini tusi nililitoa mbele ya kundi zima. Mwalimu hakunidai, ila mwenyewe nilijiona nimelipa deni nusu. Niliporudi Uingereza niliandika kundini, nikataja kosa langu bila ya "kama nilimkwaza mtu" na bila ya "lakini". Baadhi walinicheka, na mmoja akaniuliza nimelipwa bei ngapi. Nikajua ladha ya dawa niliyokuwa nikiwanywesha wengine.

Katika ujumbe ule niliandika pia jibu la suala la mwalimu, baada ya miaka miwili. Nilisema ukweli: kwamba siku ya pili sisi tungekuwa kazini, tukitazama video za maziko yenu kwenye simu wakati wa mapumziko. Na kwamba kwa sababu hiyo, haki yetu ya kutoa ushauri ipo, lakini ya kutoa amri hatuna. Kutokana na mjadala uliofuata, ambao haukuwa mtamu, baadhi yetu tulianza kuchangishana kila mwezi kwa ajili ya familia chache zilizopata misukosuko. Si fedha nyingi. Lakini lile ni jibu, na lingeweza kuanza 2015 kama nisingemtukana aliyeuliza.

Mwalimu hakurudi kundini, alisema macho yake hayawezi tena na herufi ndogo. Nikienda nyumbani napita kwake. Bado tunabishana, na bado ananiona kijana mwenye pupa, nami bado namwona ana subira kupita kiasi. Safari ya mwisho tulibishana mpaka adhana ya magharibi, tukaenda kusali pamoja, tukarudi tukaendelea pale pale tulipoachia.

Naomba kuwasilisha. Atakayenipinga karibu sana, na anipinge kwa nguvu zake zote. Ila naomba anipinge kwa nililolisema.

Wabillahi tawfiq.

Ni mie ndugu yenu wa ughaibuni, Uingereza.